Skrepu za Viwandani Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametufikia kwa simu, langoni, na mengi juu ya mizani lori likiwa limeshawasili. Tumeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale yanayokuja mara moja moja. Jibu likiwa limeshatolewa mahali, tutakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Yadi yenu hufanya kazi gani hasa?

Twanunua mabaki ya chuma na metali nyingine kutoka viwanda, gereji, karakana na maghala ya Changamwe, Shimanzi, Jomvu na Miritini, na ng'ambo ya pili mpaka Kisauni na Bamburi. Twayapima, twayatenganisha, yaliyo makubwa twayakata, kisha twayapeleka kwa wanaoyeyusha. Chuma huingia kwenye tanuru za umeme za viwanda vya humu nchini, kikatoka nondo na vyuma vya pembe. Alumini nyingine hurudi jikoni ikiwa sufuria.

Skrepu na taka zina tofauti gani?

Skrepu ina mnunuzi, taka ina gharama ya kuiondoa. Lakini kitu kile kile chaweza kuwa hiki au kile, kulingana na ulivyokiweka. Mabomba ya kopa (shaba nyekundu) yaliyofungwa pamoja, makavu, bila mpira wala saruji, ni mali. Mabomba hayo hayo yakitupwa kwenye rundo moja na mabati, tope, vipande vya plastiki na mabaki ya chakula cha mafundi, yanakuwa mzigo ambao lazima mtu akae siku nzima kuuchambua, na siku hiyo lazima ilipwe na mtu.

Jambo hili tunalirudia kila siku na hatuchoki: mzigo uliochanganywa hununuliwa kwa bei ya kilicho rahisi kuliko vyote ndani yake. Kiwanda kinachoweka mapipa manne badala ya moja huongeza pesa yake bila kuongeza kilo hata moja.

Ni nini mnapokea, na nini hampokei?

Twapokea chuma cha kila aina, alumini, kopa, brasi (shaba ya manjano), stenlesi (chuma kisichoshika kutu), mota za umeme, rejeta, injini zilizomwagwa mafuta, na mitambo iliyokwisha kazi. Betri za asidi twazipokea kwa masharti (tazama swali la betri). Hatupokei mitungi iliyofungwa, mapipa ambayo hayajulikani yalibeba nini, vifaa vya hospitali, wala chochote chenye alama ya mionzi. Hatupokei pia mali ya umma isiyo na karatasi, awe ameileta nani.

Mzigo wangu ni mdogo. Mtakuja kuuchukua?

Lori letu hutoka kwa mzigo wa kuanzia nusu tani hivi. Chini ya hapo ulete mwenyewe, hata kwa tuktuk au mkokoteni. Kopa ni jambo jingine: kilo hamsini za kopa zinastahili safari.

## Bei na mizani

Mbona bei ya leo si ile ya wiki iliyopita?

Kopa, alumini, risasi na zinki zina bei ya dunia, na bei hiyo hutajwa kwa dola katika soko la metali la London kila siku ya kazi. Soko likishuka au shilingi ikipanda, bei ya langoni kwetu inafuata. Chuma cha kawaida hufuata zaidi mahitaji ya viwanda vya kuyeyusha vya hapa: ujenzi ukipoa, nondo zinalala ghalani, na kiwanda kinapunguza ununuzi wa skrepu.

Kwa hiyo bei tunayokuambia kwa simu ni ya siku hiyo. Ukihitaji bei isiyoyumba kwa mzigo wa mwezi mzima, tuandikiane mapema, na hapo sisi ndio tunaobeba hasara soko likianguka.

Jirani yangu ameuza kwa bei ya juu kuliko yenu. Kwa nini?

Muulize mambo mawili: alikatwa asilimia ngapi, na mizani ilikuwa ya nani.

Tuseme una kilo 1,000. Mnunuzi wa kwanza anakupa shilingi 40 kwa kilo, lakini anakata asilimia 12 kwa ajili ya kutu, udongo na “maji ya njiani”. Utapata shilingi 35,200. Wa pili anakupa 37 bila kukata kitu. Utapata 37,000. Aliyesikika mkarimu kwenye simu ndiye aliyekuacha na pungufu la shilingi 1,800, na bado hatujaigusa mizani.

Kukata kwenyewe si wizi. Hapa pwani chumvi inakula chuma mpaka kinabanduka magamba kama mkate mkavu. Magamba yale yana uzito juu ya mizani, lakini tanurini mengi huishia kwenye uchafu unaoelea juu. Sisi tukikata, twaandika kwenye risiti tumekata kiasi gani na kwa sababu ipi, na magamba yenyewe twakuonyesha.

Nitajuaje kwamba mizani yenu ni ya kweli?

Angalia muhuri. Mizani yoyote ya biashara nchini yapaswa kukaguliwa na idara ya vipimo na mizani ya serikali kila mwaka na kupigwa muhuri. Usione haya kuuliza, hiyo ni haki yako.

Lori lako lipimwe mara mbili: likiwa na mzigo na likiwa tupu, papo hapo na siku hiyo hiyo. Usikubali uzito wa lori tupu ulioandikwa daftarini mwezi uliopita. Dereva akae ndani ya gari mara zote mbili, au akae nje mara zote mbili. Utingo naye vivyo hivyo. Tangi la mafuta lisijazwe katikati. Mambo haya yaonekana madogo, lakini watu wawili wazima ni kilo mia na arobaini hivi, na kwenye mzigo wa brasi hiyo ni pesa ya karo.

Malipo ni ya pesa taslimu?

Kwa kampuni, hapana. Twalipa kwa benki. Kwa mtu binafsi aliyeleta mzigo mdogo twatuma kwa simu, kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Faida ya kwanza ni yako: pesa yenye kumbukumbu haimpotei mwenye kiwanda kati ya langoni na ofisini.

## Kutenganisha

Sumaku yatosha kutambua metali?

Ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Sumaku hushika chuma cha kawaida na chuma cha kumimina, kile mafundi wanaita kasti. Haishiki kopa, brasi, alumini wala risasi. Stenlesi nyingi za vyombo na matangi haishiki pia, kwa sababu ina nikeli ya takriban asilimia 8 na kromi ya asilimia 18. Basi mtu huiona haina sumaku, akaitupa kwenye pipa la alumini, na hapo ameuza kitu kizito kwa bei ya kitu chepesi. Tena stenlesi hiyo hiyo ikiwa imekunjwa au kupondwa kwa nguvu, sehemu iliyopindwa huanza kuvuta sumaku kidogo, na mwingine akaitupa kwenye chuma.

Yadini twatumia njia tatu zaidi. Ya kwanza ni mkono: kopa ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini yenye ukubwa ule ule, na kiganja kinajifunza haraka. Ya pili ni tupa. Piga tupa bomba la maji linalong'aa: ukiona manjano mpaka ndani, hiyo ni brasi. Ukiona weupe wa kijivu chini ya rangi, hiyo ni zinki iliyopakwa, na bei yake ni nyingine kabisa. Ya tatu ni grinda. Gusa kipande kwenye jiwe pahali penye kivuli. Chuma cha kawaida kinarusha cheche ndefu za manjano. Kasti hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazokufa karibu na jiwe. Stenlesi hutoa chache.

Kuna mzee mmoja yadini kwetu ambaye hutambua kasti kwa kuigonga kwa spana na kusikiliza. Chuma chalia kama kengele, kasti yajibu kwa sauti ya chungu. Vijana walimpinga, tukaipeleka kwenye grinda mara kumi, na mara kumi mzee alikuwa sawa.

Kwa viwanda vya samaki na karakana za boti: stenlesi yenu mara nyingi ni ile yenye molibdeno ya asilimia 2 hadi 3, iliyotengenezwa ivumilie maji ya chumvi. Ina thamani zaidi ya ile ya jikoni. Iwekeni peke yake.

Tuchome nyaya ili tupate kopa safi?

Msichome. Mpira wa nyaya nyingi ni PVC, na moshi wake una asidi na sumu ya dioksini ambayo hukaa mwilini na ardhini kwa miaka. Anayeuvuta ni kijana anayechochea moto na watoto wa nyumba ya pili.

Hata ukiangalia pesa peke yake, umejipunja. Kopa iliyochomwa hugeuka nyeusi na kukatika, na hununuliwa chini ya ile iliyochunwa kwa kisu au mashine. Nyaya nene zichuneni. Nyembamba zileteni na mpira wake, tutazipima kwa bei ya nyaya.

Vinyoleo vya leti (vipande vyembamba vinavyotoka kwenye mashine ya kuchonga metali) navyo mwanunua?

Ndiyo, vikiwa aina moja na vimechuja mafuta. Vinyoleo vya brasi vikiingiliwa na vya chuma, hakuna mkono utakaovitenga. Safisha leti kabla ya kubadilisha kazi, weka ndoo mpya. Mafuta ya kukatia yaache yachuruzike usiku mzima kwenye pipa lililotobolewa chini, na uweke trei: mafuta yale yanatumika tena.

Rundo kubwa la vinyoleo vyenye mafuta lisirundikwe ndani ya ghala. Hupata joto lenyewe na laweza kushika moto.

Mota, rejeta na friji tuzivunje wenyewe?

Mota leteni nzima, kopa ya ndani tunaihesabu. Rejeta tofautisheni: za kopa na brasi upande mmoja, za alumini upande mwingine. Friji na viyoyozi msivikate bomba kwanza. Gesi iliyomo ikiachwa ipulizike huharibu hewa: ya friji nyingi, R-134a, yazuia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Mwite fundi wa friji aifyonze, kisha kompresa na mabomba yaje kwetu.

## Vitu vya hatari

Betri za magari na za foklifti mwazichukuaje?

Zikiwa nzima, zimesimama, na asidi yake imo ndani. Watu hushangaa, kwa kuwa wamezoea mnunuzi anayesema “mwaga maji kwanza”. Maji yale ni asidi ya salfa iliyobeba risasi. Mtaroni yanapomwagwa hayaishi, yanahamia kisimani.

Hapa Mombasa hili si nadharia. Owino Uhuru, pale karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kuanzia 2007, mpaka kikafungwa 2014. Wakaazi wakapimwa na risasi ikaonekana katika damu yao, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo na ambaye mtoto wake mchanga aliugua, aliwaongoza wakaazi mpaka mahakamani, na mwaka 2015 akapata tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Upeo iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kiasi kwamba mtu aweza kuiyeyusha kwa makaa nyuma ya nyumba. Urahisi huo ndio msiba wake. Kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo betri tunazipokea, tunazihifadhi chini ya paa juu ya sakafu isiyopitisha maji, na tunazipeleka kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ya kuzishughulikia. Hatuzipasui. Mwenye kutaka kuuza betri kwa anayezipasua uani, bei atakayopewa huenda ikapita yetu, na tofauti hiyo italipwa na watoto wa jirani.

Mbona mmekataa mapipa yetu? Ni matupu.

Pipa tupu lililobeba rangi, thina au petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani mmebaki mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka.

Miaka ya nyuma, kabla hatujaweka sharti hili, tulinunua mapipa kumi na mawili yenye vizibo. Kijana wetu wa gesi alikata la kwanza, la pili, la tatu, salama. La nne halikusubiri moto ufike. Kifuniko kilipita juu ya kichwa chake kikatoboa bati la paa. Yeye alianguka kwa kishindo tu, alhamdulillahi, lakini sikio lake la kulia halijarudi kama lilivyokuwa. Tundu lile la paa tumeliacha. Kila anayeajiriwa tunampeleka akalitazame kabla hatujampa mtungi.

Basi pipa lije bila vizibo, limeoshwa, limetobolewa pande zote mbili kwa zana isiyotoa cheche, na karatasi ieleze lilibeba nini. Mtungi wa gesi uje umetolewa valvu na kukatwa katikati na mwenye ujuzi huo. Bomba lililozibwa ncha zote mbili likatwe pia. Maji kidogo yaliyofungiwa ndani, yakifika kwenye chuma kilichoyeyuka, yanageuka mvuke wenye ukubwa wa zaidi ya mara elfu moja na mia sita kwa kufumba na kufumbua, na wanaosimama kando ya tanuru hawana pa kukimbilia.

Tuna transfoma ya zamani ya kiwanda. Mtainunua?

Kwanza mafuta yake yapimwe maabara. Transfoma za zamani zaweza kuwa na PCB, kemikali isiyooza ambayo Mkataba wa Stockholm umeipiga marufuku. Ikiwa imo, usiimwage, usiikate, zungumza na NEMA. Ikiwa haimo, twanunua, ila tutataka ithibati kwamba ni mali yako (tazama sehemu ifuatayo).

## Karatasi na sheria

Nidai leseni gani kwa mnunuzi wa skrepu?

Biashara hii inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu. Dai leseni ya Baraza, leseni ya biashara ya kaunti, na kwa taka za hatari leseni ya NEMA ya kubeba na kushughulikia. Omba nakala, soma tarehe. Yakitupwa mabaki yako pasipofaa, jina lililo kwenye nembo ya kiwanda ndilo litakalotafutwa.

Kwa nini mwataka kitambulisho na historia ya kila kitu? Mbona kama polisi?

Januari 2022 nguzo za umeme mkubwa zilianguka na nchi ikaingia gizani. Mwezi huo huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasimamisha kununua, kuuza na kusafirisha nje vyuma chakavu, kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu unaofanywa na wezi wa vyuma. Zuio liliondolewa Mei, kwa masharti makali zaidi. Miezi ile mahamali wetu walikaa nyumbani, na familia zao zililipia makosa ya watu wasiowajua. Hatutaki kurudi huko, ndiyo maana twauliza.

Nyaya za stima, vipande vya reli, vifuniko vya mitaro: nimeviokota tu.

Hatuchukui. Vifuniko vya mitaro hasa vinatuuma: shimo lililoachwa wazi Kongowea usiku laweza kumvunja mguu mama anayetoka sokoni.

Sisi ni shule ya umma (au hospitali, au idara). Tunaweza kuuza madawati na vitanda vya chuma moja kwa moja?

Hapana. Mali ya umma huondolewa kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kupitia kamati yenu ya uondoaji, na mara nyingi kwa zabuni au mnada. Mkitangaza, tutashindana na wengine. Msitupigie kabla ya hapo kuomba “makadirio”, maana yaweza kuonekana kama mpango.

Mhasibu wetu anadai ankara ya eTIMS (ankara ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru). Anayetoa ni nani?

Anayeuza. Mkituuzia, mwatoa nyinyi, na sisi twawapa PIN yetu ya kodi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kwa KRA, kwa hiyo bila ankara yenu sisi hatuwezi kulipa kampuni.

## Mambo yanayokuja mara moja moja

Tuna mabaki kutoka melini, au kontena bovu ndani ya uga wetu.

Kitu kilichoshushwa kutoka melini Kilindini ni bidhaa inayoingia nchini, hata kama ni mnyororo ulioliwa na kutu. Forodha kwanza, sisi baadaye.

Kontena nalo, kulala ugani kwako miaka mitatu hakulifanyi liwe lako. Soma mlangoni herufi nne na tarakimu saba: herufi zile zinamtaja mwenyewe. Lete barua ya mwenyewe ya kuliachilia na karatasi za forodha. Na sakafu ya mbao iliyotiwa dawa ya wadudu isifanywe kuni za kupikia.

Tunafunga kiwanda kizima. Mwaweza kubomoa?

Twaweza, ila tuite mapema, kabla hamjawaachisha kazi mafundi wenu. Fundi wa zamu ya usiku ndiye anayejua bomba lipi bado lina mvuke na waya upi haukuandikwa kwenye mchoro wowote. Mlipeni akae nasi wiki ya kwanza. Paa za asbesto hatuzigusi, ni kazi ya wenye kibali chake.

Mashine zinazozunguka bado, tutawaambia msiziuze kwa kilo. Pampu nzima yenye mnunuzi Mariakani au Malindi ina thamani kubwa kuliko kasti yake.

Twataka bidhaa zetu zenye nembo ziharibiwe kabisa, zisirudi sokoni.

Leteni mtu wenu asimame. Tutazikata mbele yake, apige picha, na tutatoa hati yenye uzito, tarehe na saini zote mbili. Hapo twatoza ada, kwa kuwa tunanunua muda wa mashine.

Watoto huleta makopo na vipande langoni kwenu. Mwanunua kwao?

Hatununui kwa mtoto. Twamwambia aje na mzazi au mlezi, na saa za shule hatulifungui kabisa dirisha la mizigo midogo. Watu wazima wanaookota jaani Mwakirunge, akina mama wengi wao, twawanunulia kwa bei ile ile ya ubaoni. Walikuwa wakilipwa nusu na mabroka kwa sababu hawana lori. Wakijikusanya watano au sita wakatupigia, lori letu litawafuata huko huko, na kila mmoja atapimiwa gunia lake mbele ya macho yake.